Mpira Mkubwa na Kiuno Kinachouma

Najua mmeuona mpira huu na wengine wenu mnacheka. Basi huu si wa kupiga teke. Ni wa kukalia.

Akina mama wengi hapa mnalalamika kiuno. Hamko peke yenu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo. Zamani mgonjwa aliambiwa alale tu. Siku hizi sivyo. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023, shirika hilo limetaja mazoezi kati ya matibabu ya maumivu yaliyokawia.

Mpira huu ulitengenezwa na Mwitaliano, Aquilino Cosani, mwaka 1963. Mary Quinton, Mwingereza aliyefanya kazi Uswisi, aliutumia kutibu watoto wachanga. Baadaye Susanne Klein-Vogelbach wa mji wa Basel akautumia kwa watu wazima. Wamarekani waliouona huko wakauita mpira wa Uswisi, na yule Mwitaliano akasahaulika!

Unasaidiaje? Kwenye kiti mwili hulegea. Mpira nao unataka kuviringika, kwa hiyo misuli ya tumbo na mgongo inalazimika kukushika usianguke. Ni misuli hiyohiyo unayoitumia ukiinua mtungi wa maji.

Lakini jamani, upepo! Kuna mipira ya sentimita 55, 65 na 75. Chora alama ukutani kwa kipimo kilichoandikwa, weka mpira kando yake, jaza kwa pampu ya mkono mpaka ufike kwenye alama, basi. Usiongeze ati uwe mgumu. Mwaka 2009 kule Marekani mipira kama milioni 3 ilirudishwa kwa sababu ilikuwa ikipasuka ilipojazwa kupita kiasi, na kuna aliyevunjika mfupa. Ukiukalia, magoti yawe sawa na nyonga au chini kidogo. Yakipanda juu, huo ni mdogo kwako.

Anza karibu na ukuta, miguu mitupu, mtu akikushika. Kaa wima. Inua mguu mmoja kidogo, ushushe, kisha wa pili, mara kumi. Usizuie pumzi. Ukizoea, lala chali kwenye mkeka, visigino juu ya mpira, uinue kiuno polepole, hesabu hadi tano, ushuke. Asiye na mpira akunje magoti, akanyage mkeka na kuinua kiuno vivyo hivyo. Kwa kweli mimi ningeanza na hilo, halina gharama. Tena msiufanye kiti cha kutwa nzima. Dakika chache zatosha.

Misuli kuchoka ni kawaida. Maumivu yakishuka mguuni kama umeme, acha. Na mguu ukikosa nguvu, au ukafa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka ama ukatoka wenyewe, hiyo si kazi ya mpira wala ya kukandwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ukichelewa unaweza kubaki hivyo maisha yako yote.

Haya, mama uliye karibu na mlango, vua viatu uje. Wawili wamshike.