Betri Mpya kwa Kiti Mwendo cha Umeme: Tuulize Nini Kabla ya Kununua?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili

Tulitakiwa kueleza kazi zote za huduma kwa watu wenye ulemavu, lakini tumeona heri tuchukue jambo moja tu, nalo ni betri za viti mwendo vya umeme.

Sababu mnaijua. Katika stoo zetu vimo viti vizuri vilivyoletwa kama msaada kutoka Ulaya. Mota ni nzima, matairi ni mazima, na juu ya kiti pamepangwa maboksi ya mishumaa. Mwenye kiti amerudia kubebwa mgongoni. Kilichokufa ni betri.

Viti vingi vya namna hiyo hutumia betri mbili za risasi za volti 12, zilizounganishwa ili kupata volti 24. Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hata leo inafanya kazi vizuri ikitunzwa. Shida yake ni kwamba haivumilii kukaa bila chaji. Ikiachwa hivyo, chumvi ya risasi hugandamana kwenye bamba zake ikawa ngumu, na nguvu hairudi tena. Kiti kinachokaa miezi ndani ya kontena, kisha bandarini, kisha katika stoo yenye joto, huweza kumfikia mlengwa betri ikiwa imeshaharibika. Aidha, haipendi kumalizwa. Jozi ya Ah 36 hubeba kama wati-saa 860, yaani haifiki hata uniti moja ya LUKU, na ushauri wa kawaida ni kutumia nusu tu ya hizo ili idumu.

Ndiyo maana tunaulizwa sana habari za lithiamu. Kwa viti hivi sisi tunapendelea ile ya lithiamu, chuma na fosfati, iliyotokana na utafiti wa John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990. Seli yake moja ni volti 3.2, na nane zikifuatana zinatoa volti 25.6. Huhimili joto kuliko lithiamu za nikeli na kobalti, huweza kutumika hadi asilimia 80 bila kuumia, na iliyo bora huchajiwa mara 2,000 au zaidi, wakati ya risasi kwa kawaida huishia mara mia kadhaa. Uzito wake hauzidi nusu ya ule wa risasi. Ukisikia hayo tu, utasema tununue leo.

Tusikimbilie. Taa za chaji zilizo karibu na kijiti cha kuendeshea zilipangwa kwa betri ya risasi, ambayo volti zake hushuka kidogo kidogo. Lithiamu hushikilia volti karibu zilezile hadi mwishoni, kisha zinaporomoka. Taa zinasema bado ipo, kumbe imekwisha. Hapo bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri hukata umeme, na viti hivi vina breki za sumaku ambazo hufunga magurudumu umeme unapokatika. Ni breki nzuri kabisa, lakini fikirini kiti kimefunga katikati ya lami na lori linakuja. Mwenyewe hawezi kujitoa. Lazima awepo mtu anayejua wenzo wa kuachia mota ulipo. Je, katika familia za walengwa wenu, ni wangapi wamewahi kuonyeshwa wenzo huo?

Jambo hilohilo hutokea ikiwa bodi ya ulinzi ni ndogo. Kiti kikianza kupanda mwinuko au kutoka kwenye shimo, mota huvuta umeme mwingi mno kwa muda mfupi. Bodi isiyoweza kuubeba hukata palepale mlimani. Kwenye mteremko mambo hugeuka: mota husukuma umeme kurudi kwenye betri, na betri iliyojaa kabisa huweza kuukataa. Wale wa parokia za milimani, mwulizeni muuzaji mambo haya mawili kabla ya kuuliza bei.

Kisha kuna uzito. Zile betri mbili za risasi huweza kufika kilo 22 au zaidi, nazo hukaa chini ya kiti zikikituliza. Ukiweka badala yake ya kilo 10, kiti chepesi huweza kupinduka kwa nyuma kinapopanda. Fundi akijaribu njiani kwanza, huku mtu mzima mwenye nguvu ameketi, atajua kama inahitajika kuongezwa chuma. Chaja nayo iwe ya lithiamu, na volti zibaki 24. Wapo vijana wanaopenda kuongeza volti ili kiti kikimbie. Kwa pikipiki yao shauri lao, kwa kiti cha mgonjwa hapana.

Kwa maoni yetu, anayesafiri kila siku kwenda shule au sokoni anastahili lithiamu. Anayezunguka uani na kwenda kanisani Jumapili, mnunulieni ya risasi iliyofungwa, na muhakikishe inachajiwa kila baada ya matumizi. Na kwenu wafadhili, tunaomba kwa heshima: kiti kisicho na fungu la betri katika bajeti yake, tupunguzeni kimoja ili vingine viwe nalo.

Zile zilizokufa zisiuzwe kwa anayepita na toroli. Kule Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu viliwatia wakazi sumu ya risasi, hata watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa, ukarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Betri zenu zisimamisheni wima, zibeni vichwa vyake kwa utepe, ziwekeni mbali na watoto, na mtuandikie idadi yake. Gari letu likija kuleta mpya litazichukua.