Siri ya Serikali na Riziki ya Mwananchi

(Hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya mkutano wa wananchi, Njukini, Taita Taveta)



Nimeombwa nizungumze juu ya mambo matatu: serikali kuficha habari, watu kupoteza kazi, na wananchi kutoyaamini tena magazeti, redio na televisheni. Nitayasema kwa pamoja, maana ni ugonjwa mmoja wenye dalili tatu. Mfano wangu sitautafuta mbali. Nitautoa katika reli ipitayo katika kaunti yetu hii, pale Voi.

Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Mikataba ya mikopo yake ilitiwa saini mwaka 2014, mkopeshaji akiwa ni Benki ya Exim ya China. Deni hilo ni letu sote: ni la mkulima wa ndizi wa Njukini ambaye hajawahi kulipanda gari-moshi lile, na ni la mtoto ambaye bado hajazaliwa. Lakini kwa miaka minane mwenye kulipa deni hakuonyeshwa hati ya deni. Nawauliza, wazee: ni nani kati yenu angeliweka shamba lake rehani kwa karatasi ambayo amekatazwa kuisoma?

Sasa tazameni jinsi siri ile ilivyoingia katika sufuria za watu. Miongoni mwa mapatano ya mwaka 2014 yalikuwamo yale baina ya Bandari na Shirika la Reli. Bandari iliahidi kuipatia reli kiasi maalumu cha mizigo kila mwaka, na kiasi hicho kisipofikiwa, Bandari ilipe pengo. Ahadi ya namna hiyo haitimizwi kwa maneno. Hutimizwa kwa kuyanyang'anya malori mizigo. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makontena yote yaendayo Nairobi na bara yasafirishwe kwa reli. Watu wa Mombasa waliandamana, na waliandamana kwa haki.

Lori moja si dereva peke yake. Lori ni utingo, ni fundi wa magurudumu, ni mama auzaye chakula pale Maungu, ni mwenye nyumba ya wageni Mtito Andei, ni kijana auzaye matunda kando ya barabara. Hawa wote walipunguzwa kazi bila jina la hata mmoja wao kuandikwa popote. Hawakupewa barua, kwani barua hupewa aliye na mwajiri. Hawakupewa kiinua mgongo. Waliona tu malori yanapungua, na hawakujua kwamba riziki yao ilikuwa imekwisha kuahidiwa mtu mwingine miaka mitano nyuma, katika karatasi iliyofungiwa kabatini.

Mwezi Novemba 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba amri ile ilikiuka Katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Mwezi Septemba 2022 serikali mpya ikairudisha shughuli ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Nauliza tena: mwenye kibanda aliyefunga mlango mwaka 2019, ni nani aliyemlipa hasara yake?

Ndugu zangu, hapa ndipo habari na magazeti yanapoingia. Mwishoni mwa mwaka 2018 zilienea habari nchi nzima kwamba Bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa ajili ya mkopo wa reli. Magazeti yaliandika. Serikali ilikanusha kwa ukali. Kila mtu akachagua upande wa kuamini kwa kufuata chama chake na kabila lake, kwa kuwa hati ambayo ingeamua ugomvi ule haikuonekana. Aliyeamini gazeti aliitwa mchochezi; aliyeamini serikali aliitwa kibaraka. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Serikali inayolalamikia uvumi huku imeficha hati ni sawa na mtu anayemwaga maji sakafuni kisha akamgombeza mtoto kwa kuteleza.

Sitawatetea wenye magazeti kwa kila jambo. Gazeti linaishi kwa matangazo ya biashara, na mtangazaji mkubwa katika nchi hii ni serikali yenyewe. Mhariri ambaye mishahara ya waandishi wake inangoja hundi kutoka wizarani huandika huku akitazama nyuma. Na vyumba vya habari navyo vimepunguza watu mara kwa mara. Waandishi wa mashinani wakawa wa kwanza kuondoka. Matokeo yake mnayajua. Habari za Taveta huandikwa na mtu aliyeko Nairobi, naye ameipokea kwa simu kutoka kwa mkubwa yule yule anayepaswa kuchunguzwa. Msomaji si mjinga; huona, akaacha kununua. Asiponunua, gazeti huzidi kuitegemea serikali. Huo ndio mduara wenyewe.

Lakini tusisahau mkono wa dola. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vya Citizen, NTV na KTN vilizimwa, na mahakama ilipoagiza virejeshwe, amri yake ilikaa siku kadhaa bila kutiiwa. Tarehe 25 Juni 2025 ikatolewa amri ya kukataza maandamano yasionyeshwe moja kwa moja hewani, na baadhi ya vituo vikakatiwa mawimbi mpaka Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Tuliopitia enzi ya chama kimoja tunaijua harufu hiyo. Kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba mwezi Desemba 1991. Tabia yake haikuondoka siku ile.

Tukumbuke pia kwamba kupunguza watumishi hakukuanza jana. Mwaka 1994 ulikuja mpango wa kustaafu mapema kwa hiari. Mwaka 2000 likaja punguzo kubwa la watumishi wa serikali. Mwaka 2006 reli ya zamani ilipokabidhiwa mwekezaji, nyumba nyingi za Voi zilizolelewa na mshahara wa reli zilijikuta hazina mshahara. Mimi sisemi kwamba serikali isipunguze watu kamwe. Mishahara ikimeza fedha za dawa na za maji, ni lazima mtu aseme basi. Ninachosema ni kwamba anayetaka kukata aonyeshe hesabu kwanza: watumishi ni wangapi, wanalipwa kiasi gani, nani ataondoka, na kwa kipimo gani. Pasipo hesabu, panga humwangukia asiye na ndugu ofisini, na mtumishi hewa hubaki kwenye orodha akila mshahara.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi awaarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa leba kwa maandishi, si chini ya mwezi mmoja kabla. Asiye katika chama hupewa ilani yake mwenyewe, na afisa wa leba huarifiwa vilevile. Uchaguzi wa wanaoondoka uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Likizo ambayo haikuchukuliwa ilipwe. Na kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa mtumishi wa umma, kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza asifukuzwe pasipo kufuata sheria. Orodha inayobandikwa mlangoni Ijumaa jioni siyo sheria.

Na ile hati ya reli ilipatikanaje? Haikupatikana kwa kupiga kelele. Wakenya wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliomba mikataba kwa barua. Waliponyimwa, walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Mwezi Mei 2022 Jaji John Mativo aliamuru mikataba itolewe, kwa msingi wa kifungu cha 35 cha Katiba. Mwezi Novemba mwaka ule waziri wa uchukuzi akatoa hadharani mikataba mitatu ya mikopo. Ndipo tulipoweza kusoma wenyewe kwamba mikataba ile inafuata sheria za China, na kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing. Hati nyingine hazikutolewa siku ile. Hata hivyo somo limebaki: barua mbili tatu zilizoandikwa kwa utulivu zilifungua kabati ambalo wanasiasa walipiga mateke kwa miaka wakashindwa.

Nanyi mnaweza. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Njukini kama ilivyoandikwa kwa ajili ya profesa. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa analazimika kumsaidia na kuliandika ombi lake. Hulipi chochote kwa kuomba. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu. Huulizwi unaitakia nini habari hiyo. Jibu litoke katika siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, nayo ina nguvu ya kuamuru habari itolewe. Yapo mambo ambayo sheria inaruhusu yafichwe, kama usalama wa taifa. Lakini idadi ya wafanyakazi wa zahanati siyo siri ya vita, wala bei ya kuchimba kisima.

Kwa hiyo naomba mkutano huu usiishie kwenye makofi. Chagueni watu watano, wakiwamo akina mama na vijana. Waandike barua ya kwanza kuuliza watumishi wa umma katika wadi hii ni wangapi na wanafanya kazi wapi. Waandike ya pili kuuliza miradi ya hapa imepewa nani na kwa kiasi gani. Tarehe ya kupokelewa igongwe muhuri, na nakala ihifadhiwe. Jibu likija, lisomwe barazani, kisha lipelekwe kwa waandishi wa habari. Mwandishi mwenye hati mkononi haogopi kama mwandishi mwenye tetesi, na msomaji aliyeiona hati hana haja ya kubahatisha.

Na sisi wa mageuzi tuanzie nyumbani. Chama kinachodai vitabu vya serikali vifunguliwe, nacho kifungue vyake: michango imetoka wapi, imetumika wapi. Mficha uchi hazai, na msemo huo haubagui chama tawala na upinzani.

Kalamu zipo, karatasi zipo. Siku 21 zinaanza kuhesabiwa siku barua inapopokelewa.