MANENO YA KATIBU KWA WANAUSHIRIKA: GESI ILIYOTIKISA ARDHI



Tumeulizwa darasani: je, binadamu anaweza kuitikisa ardhi? Tunajibu: anaweza, na imetokea.

Huko Uholanzi, upande wa kaskazini, uko mkoa wa Groningen. Ni nchi tambarare ya wakulima na wafugaji, nyumba zao za matofali. Mwaka 1959, karibu na kijiji cha Slochteren, iligunduliwa gesi nyingi ajabu. Mwaka 1963 ikaanza kuchimbwa na kampuni ya NAM, mali ya Shell na Esso nusu kwa nusu.

Sasa wengine hudhani gesi imekaa kwenye pango, ikitolewa pango linaporomoka. Sivyo, ndugu. Gesi imo ndani ya mwamba wa mchanga, karibu kilomita 3 chini, katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Ikiwa mle inasukuma, inasaidia kubeba mzigo wa miamba ya juu. Ukiitoa, msukumo unapungua na mwamba unasinyaa. Mfano wake ni gunia la pamba linaposhindiliwa, ila hili linashindiliwa polepole, mwaka hata mwaka. Mahali pengine uso wa nchi umeshuka zaidi ya sentimita 30. Tena mwamba ule una nyufa za kale. Upande mmoja wa ufa unasinyaa kuliko wa pili, zinang'ang'aniana, halafu ghafla zinateleza. Kule kuteleza ndiko tetemeko.

Desemba 1986 ardhi ilitikisika Assen, mji wa mkoa jirani ambako nako gesi ilichimbwa. Mtaalamu wa jiografia, Meent van der Sluis, akasema: hii ni gesi. Wakamdharau. Mpaka mwaka 1993 ndipo uchunguzi ukakubali kwamba uchimbaji unaweza kuleta matetemeko. Miaka yote hiyo mtu anaonekana anapayuka tu!

Tarehe 16 Agosti 2012 likaja la Huizinge, kipimo 3.6. Mtasema hilo dogo, maana la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9. Lakini la Kagera ni la asili, halikuhusu gesi hata kidogo. Ya Groningen hutokea karibu na uso wa nchi, udongo wa juu ni laini, na nyumba hazikujengwa kwa kutazamia tetemeko. Kuta zikapasuka. Mwanzoni mwa 2013 wakaguzi wa migodi wakashauri uchimbaji upunguzwe. Mwaka ule ule ikatolewa gesi nyingi zaidi, kama mita za ujazo bilioni 54. Hapo sisi twasema wazi, walifanya vibaya.

Na mwenye nyumba iliyopasuka alitakiwa athibitishe mwenyewe kuwa ni gesi. Hebu fikirini, mkulima atathibitishaje jambo lililo kilomita 3 chini ya kitanda chake? Wenyeji walikwisha unda chama chao mwaka 2009, kiitwacho Groninger Bodem Beweging, wakadai kwa pamoja. Toka 31 Desemba 2016 sheria ikageuka: ufa wa namna ile katika eneo lile unahesabiwa umeletwa na gesi, na anayekataa ndiye alete ushahidi. Mzigo ukahamia kwenye mabega yaliyonona.

Tarehe 8 Januari 2018 likaja jingine, Zeerijp, kipimo 3.4. Miezi miwili na kitu baadaye serikali ikatangaza kuwa uchimbaji utakoma. Ulikoma 1 Oktoba 2023, na Aprili 2024 sheria ikafunga kabisa. Kamati ya Bunge lao ilitoa taarifa Februari 2023, ikasema maslahi ya watu wa Groningen yalipuuzwa. Kwa hesabu yake, serikali ilipata karibu euro bilioni 363, makampuni karibu bilioni 66.

Kwetu gesi ya Songo Songo inatumika toka 2004, na ya Mnazi Bay ipo. Asitoke mtu hapa kutangaza kuwa Kilwa na Mtwara zitatikisika; katibu hakusema hivyo. Kila mwamba una tabia yake.

Mzee mmoja kauliza kama sasa wametulia. Bado. Visima vimefungwa, lakini msukumo kule chini huchukua miaka mingi kulingana, na ardhi ingali ikitikisika mara kwa mara. Nyumba nyingi zinaendelea kuimarishwa.