Mwenzenu Yuko Ifakara: Mwulizeni Kwanza



Mmeniomba niseme machache juu ya kazi ya kujitolea, kwa kuwa vijana wetu walioko Leicester na London wameandika wakitaka kumsaidia mwenzao anayehudumu katika kijiji kimoja cha bonde la Kilombero. Nashukuru kwa heshima hiyo. Nitaanza kwa kukiri kosa.

Nilipokuwa ng'ambo, nami nilikuwa katika kundi kama hilo. Mwenzetu mmoja, muuguzi, alikwenda kujitolea karibu na Ifakara. Tulichanga fedha kwa bidii, tukanunua pampu ya maji, tukaisafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa lori. Ilifanya kazi miezi michache tu. Mpira mmoja ulipochakaa, hapakuwa na duka la Ifakara wala la Morogoro lililouza wa kufanana nao. Barua ya mwenzetu haikuwa na lawama. Alitukumbusha tu kwamba alikuwa ameomba baiskeli mbili. Sisi tuliona baiskeli ni jambo dogo mno.

Alijua alichokitaka. Msimu wa mpunga ufikapo, familia nyingi za bonde lile huhama vijijini zikaishi katika vibanda vya mashambani, mbali na zahanati, zikilima na kuwalinda mpunga na ndege na wanyama waharibifu. Mbu nao wako huko huko. Mgonjwa wa homa hawezi kutembea mwendo ule; muuguzi ndiye wa kumfuata.

Wageni si jambo jipya Ifakara. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara hapo mwaka 1957, na maabara hiyo hatimaye ikawa taasisi ya Kitanzania, ambayo tangu 2008 huitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 watafiti wa hapo, wenyeji kwa wageni, walitaka vyandarua vyenye dawa viwafikie watu wa Kilombero na Ulanga. Waliwauliza kwanza wananchi wapenda chandarua cha namna gani. Ndipo kikaja chandarua kilichoitwa Zuia Mbu, ambacho hakikugawiwa bure bali kiliuzwa kwa bei nafuu, wenye maduka vijijini wakiwa miongoni mwa mawakala. (Sisi watoto wa wenye maduka tusisahau hilo!) Katika miaka mitatu, watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Sisemi vijana wetu wasichange. Nasema mchango wao umfuate aliyeko kule, kwa maana ndiye atakayebaki nao baada ya picha kupigwa.

Orodha ya mwenzenu iko kwa Katibu, nimeisoma jana. Anaomba saruji mifuko 30, inunuliwe Ifakara penyewe kabla ya masika kuharibu barabara, na ujira wa fundi mmoja wa kijijini. Barua ya vijana inazungumzia kompyuta. Katika orodha ile sikuona kompyuta.