Povu kabla ya sponji

Leo nataka tuzungumze juu ya povu. Si povu la bia, bali lile jeupe zito ambalo siku hizi hupulizwa juu ya gari mpaka likafanana na kondoo, likaachwa dakika chache kabla ya mtu kuligusa kwa sponji. Wenye magari wa Tunduma na Vwawa wananiuliza: je, anayeosha gari lake mwenyewe uani anahitaji jambo hilo, au ni mapambo ya kumtoa mtu fedha?

Linasaidia, lakini si kwa sababu ambayo wengi wanaidhania. Povu haling'arishi kitu. Litazame gari jeusi linalooshwa kila Jumamosi, likiwa limesimama juani. Utaona mikwaruzo midogo kama utando wa buibui. Hiyo kwa kawaida haikuletwa na barabara, imeletwa na mkono wa mwoshaji. Vumbi letu, linalotimuliwa na malori yanayokwenda kuvuka mpaka kuingia Nakonde, lina chembe za mchanga, na nyingi ya chembe hizo ni ngumu kuliko kioo. Nayo rangi ya magari mengi ya sasa imefunikwa na tabaka la vanishi lililo jembamba kuliko unywele. Ukipitisha kitambaa juu ya vumbi hilo, umeshika msasa.

Hapo ndipo penye kazi ya povu. Sabuni hulegeza uchafu, na povu hukawia ubavuni mwa gari badala ya kutiririka mara moja, hivyo sabuni ikapata muda. Dakika tatu hadi tano zatosha, tena kivulini, kwani likikaukia juani huacha madoa. Kisha lisuuzwe kwa maji mengi, kuanzia juu kwenda chini. Povu lisilosuuzwa halijaondoa kitu, limelowesha tu.

Na maji ndiyo taabu yenyewe. Tunduma ni mji uliojulikana miaka mingi kwa shida ya maji. Sikubaliani hata kidogo na baba anayemaliza ndoo nne kwa povu huku ndani mama watoto anapima maji ya kupikia. Mwenye ndoo tatu aache povu. Ndoo ya kwanza aimwage taratibu kwa kopo, kuteremsha vumbi kabla hajagusa chochote. Ya pili iwe ya sabuni. Ya tatu agawe: nusu ya kusuuzia kitambaa kila anapomaliza sehemu moja, nusu ya kulisuuza gari mwishoni. Aanze na paa, amalizie na rimu, na rimu ziwe na kitambaa chake.

Wakati wa mvua mambo ni mengine. Aliyetoka Ileje, au kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, akiwa na tope lililokaukia kwenye madigadi, huyo povu linamstahili. Bomba la mkono la kupulizia litamfaa, ingawa povu lake ni jepesi kuliko la mashine ya presha. Ila lisiwe lile lililobeba dawa ya kahawa! Mabaki ya dawa ni sumu kwa mikono yake na kwa watoto wanaocheza hapo uani. Sabuni ya unga nayo ibaki kwenye beseni la nguo; ni kali, huondoa nta inayolinda rangi.

Wako wanaokwepa haya yote kwa kuteremsha gari mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulinda kingo za mito, lakini hata bila sheria, grisi na sabuni yako vinamfikia anayechota maji huko chini.

Gari likishasuuzwa, lifute kwa kitambaa laini kikavu kabla jua halijalifikia. Na kitambaa hicho kikianguka chini, hata mara moja, kisirudi kwenye gari mpaka kifuliwe.