Hotuba ya Kamati ya Karakana Kuhusu Mashine Ndogo ya Kukereza



Leo, Siku ya Wakimbizi Duniani, mmeona mezani behewa dogo la garimoshi lililotengenezwa na vijana wa karakana. Katika mkutano wa mtaa mama mmoja alituuliza: "Watoto wanakaa chini darasani, nanyi mnakereza vitu vya kuchezea?" Swali lake ni la haki, na hatuna budi kulijibu mbele yenu.

Kazi hii hatukuibuni sisi. Huko Uingereza, mwaka 1898, Percival Marshall alianzisha jarida la watengenezaji wa mashine za mfano. Watu wa kawaida wakajifunza kujenga garimoshi dogo nyumbani kwao. Mashine nyingi za mwanzo walizizungusha kwa kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Mwaka 1946 kiwanda cha Myford, karibu na Nottingham, kilitoa mashine ndogo ya kukereza iitwayo ML7, ambayo ilipendwa sana kwa kazi hiyo.

Sisi tulichagua kipimo cha moja kwa 32. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1. Ukiugawa kwa 32 unapata milimita 31 na robo. Gurudumu la milimita 800 linakuwa la milimita 25. Hesabu hiyo vijana waliifanya wenyewe ubaoni.

Gurudumu la garimoshi si duara tu. Kwa ndani lina ukingo unaolizuia lisitoke relini, na uso wake una mteremko mdogo. Magurudumu mawili hukazwa kwenye ekseli moja yakazunguka pamoja, na mteremko huo ndio unaoyarudisha katikati ya reli. Kwa hiyo tundu na uso lazima viwe na kitovu kimoja. Njia yake ni kutoboa tundu na kukereza uso bila kukifungua chuma kwenye taya za mashine. Kijana wetu wa kwanza alikifungua, akakirudisha. Behewa likachechemea kama bata. Alirudia mara nne.

Kijana huyo huyo ndiye aliyekereza bushi ya kinu chetu cha unga ilipolika. Mnakumbuka siku zile mlivyojitwika mahindi hadi kijijini. Bushi ikilegea, shafti inatikisika, ikibana, inaungua. Alipima kwa kalipa, akakereza, akaifunga, na jioni ile kinu kilisaga. Umakini huo aliupata kwenye gurudumu la milimita 25, ambako akikosea hupotea kipande cha chuma chakavu tu, si chakula cha mtaa mzima.

Aidha, wanafunzi wetu wamezoea kuvaa miwani, kufunga nywele na kitenge, na kuondoa ufunguo wa taya kabla ya kuwasha mashine. Hadi leo hakuna aliyeumia.

Kuhusu madawati, mama yetu alisema kweli: behewa halitamkalisha mtoto. Ombi la mbao tumelipeleka, na tutaendelea kulifuatilia.

Ndugu wageni, mradi huu unafungwa Desemba, na mashine imo katika orodha ya vifaa vitakavyorudishwa. Wanafunzi tisa hawajamaliza mafunzo. Tunaomba ibaki chini ya uangalizi wa Kamati hadi wamalize, na funguo za karakana zitunzwe na watu wawili, mmoja wa shirika na mmoja wa kwetu.

Tulipovuka mpaka tuliacha nyumba, mashamba na mifugo. Fundi cherehani aliyekuja mikono mitupu, leo anashona hapa hapa kambini. Tunataka vijana hawa nao, siku ya kurejea nyumbani, wawe na kazi mikononi.