Life is Strange na lawama zake

Mchezo wa video wa Life is Strange, uliotengenezwa na studio ya Dontnod ya Ufaransa na kutolewa kwa sehemu 5 mwaka 2015, bado unabebeshwa lawama ileile: mchezaji anachagua hili na lile muda wote, kisha mwishoni anabaki na njia mbili tu, amwokoe Chloe, rafiki wa mhusika mkuu Max, au auokoe mji wa Arcadia Bay.

Lawama hiyo ina ukweli. Na midomo ya wahusika, tusifichane, haiendani na maneno yao.

Lakini itazameni sehemu ya 2. Max, mwanafunzi mwenye uwezo wa kurudisha muda nyuma, anamkuta mwenzake Kate juu ya paa la bweni, anataka kujirusha. Hapo uwezo unamkatikia. Hakuna kurudia. Kinachomsaidia mchezaji ni kama aliipokea simu ya Kate, kama alikiangalia chumba chake na kujua habari za familia yake. Aliyepita mbiombio anakosa la kumwambia, na Kate anaweza kufa.

Sasa mtasemaje kwamba uchaguzi katika mchezo huo hauna uzito? Mimi ningelaumu kingine: tamati ya kuutoa mhanga mji ni fupi mno, kana kwamba waandishi walishachoka.